UTI kwa mtoto wa awali: angalia kwanza kama anabana mkojo

Mama mwenzangu, umesema binti yako wa miaka 4 ameshaumwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) mara 3 tangu aanze shule, na unauliza dawa gani ya kumwagia chooni. Nakujibu kwa yaliyonikuta na mwanangu hapa Mbagala, maana na mimi nilianzia kwenye dawa ya choo.

Wangu alianza awali Januari, na joto la Dar mwezi huo unalijua. Februari homa ikampanda usiku. Malaria hamna. Nikaenda duka la dawa, nikapewa antibayotiki ya maji. Siku ya tatu homa ikashuka, nikaiacha chupa ikiwa nusu. Kosa hilo nakuomba usilifanye, dozi imalizike. Wiki tatu baadaye homa imerudi, mtoto akikojoa analia, na kitandani analoanisha wakati alishaacha siku nyingi.

Safari hii nikampeleka kituo cha afya. Nesi akasema nimuoshe kwa maji safi, mkojo wa mwanzo niuache upite, nikinge wa katikati. Mkojo huo ukapelekwa maabara kuoteshwa, yaani bakteria waliomo wakuzwe wajulikane. Majibu ya kuotesha huchukua siku mbili tatu, lakini ndiyo yanayoonyesha ni bakteria gani na dawa gani inamuua. Daktari huku anaandika akaniuliza, "Choo kikubwa anapata mara ngapi kwa wiki?" Sikuwa na jibu. Nimekuja kwa ajili ya mkojo, choo kikubwa kinahusu nini?

Kinahusu sana. Bakteria anayeleta UTI mara nyingi ni E. coli, na anaishi kwenye utumbo wa mtoto mwenyewe. Anatoka nyuma anasogea mbele, na kwa mtoto wa kike njia ya mkojo ni fupi, anafika kibofuni upesi. Mtoto akikojoa mara kwa mara, mkojo unamsomba. Mtoto akibana kutwa nzima, bakteria anazaliana humo humo. Na choo kigumu kikirundikana kinakandamiza kibofu, mkojo hauishi wote.

Nikaanza kumchunguza. Chupa yake ya maji ilikuwa inarudi imejaa vile vile nilivyoijaza. Akishuka tu kwenye bajaji anachuchumaa ghafla na kukalia kisigino, anatulia kimya, uso umekaza. Kumbe siku zote nilidhani anacheza. Nilipomuuliza taratibu akasema choo cha shule hakina mlango, na shimo ni kubwa, anaogopa kutumbukia. Kwa hiyo hanywi maji ili asiende. Choo cha shule kilikuwa kinamuumiza kweli, ila kwa kumfanya abane.

Nikaongea na mwalimu wake, bila ugomvi. Akakubali wasichana wadogo waende pamoja kabla ya uji na kabla ya kutoka, mmoja anasimama mlangoni na khanga. Nyumbani anakwenda kila baada ya saa mbili au tatu, hata akisema hana mkojo. Chupi inashuka mpaka chini, magoti yanaachana, na hakimbizwi. Papai, mchicha na maharage vikamaliza ule ugumu wa choo. Maji anakunywa kidogo kidogo kutwa.

Halafu kutawaza. Siku moja nilisimama mlangoni dada akimtawaza, nikaona anaingiza mkono kwa nyuma na kuvutia mbele. Ndivyo nilivyomfundisha mwenyewe! Tangu hapo anaosha mbele kwanza, kisha nyuma, na mkono ukishafika nyuma haurudi mbele. Maji matupu yanatosha. Sabuni yenye manukato na dawa za kuua vijidudu zinamchubua tu. Kama una mwingine wa pampasi, mpanguse vivyo hivyo, na usimwache na kinyesi.

Wako kwa kuwa ni mara ya tatu, usiende tena duka la dawa. Omba mkojo uoteshwe kabla hajaanza antibayotiki, na uulizie ultrasaundi ya figo, maana wapo watoto ambao mkojo unawarudi juu kutoka kibofuni. Akipata homa na kutapika, au akilalamika mgongo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kesho. Na ukiona damu kwenye mkojo, mwambie daktari kama huwa anachezea maji ya mabwawani, apimwe na kichocho.