Saa ya mfukoni ya Waltham: kusoma namba, kujua umri, na cha kumwambia fundi

Mkuu, umeuliza umri na historia ya saa yako ya mfukoni ya Waltham, kampuni ya Marekani, ukatupa namba uliyoinakili kwenye mfuniko wa nyuma. Namba hiyo ni ya kasha, na kasha halikutajii umri wa saa. Mara nyingi Waltham iliuza mashine (mtambo wa ndani wa saa) peke yake, sonara akaifunga kwenye kasha alilochagua mteja, na makasha mengi yalitoka kampuni nyingine. Ukiona ukingoni alama za skrubu mahali ambapo skrubu za sasa hazifiki, kasha limebadilishwa. Dhamana ya miaka 20 iliyochongwa humo ina maana ya bamba jembamba la dhahabu juu ya shaba. Hata ikiandikwa 14K, ikitajwa na miaka ni bamba tu.

Namba ya kweli iko kwenye mashine. Jaribu kuzungusha mfuniko wa nyuma kuelekea kushoto. Kama una bawaba, ufungue kwa ukucha, usitumie kisu. Namba ya milioni 4.7 ni ya takriban 1890, milioni 9.5 ni 1900, milioni 17 ni 1908. Namba zilitolewa kwa mafungu, kwa hiyo acha nafasi ya mwaka mmoja au miwili. Jina la kampuni lililoandikwa kwenye mashine nalo husaidia: American Watch Co. kwa kawaida ni kabla ya 1885, A.W.W.Co. (American Waltham Watch Co.) ni baadaye.

Historia uliyoomba: Aaron Dennison, Edward Howard na David Davis walianza Roxbury, Massachusetts, mwaka 1850, wakahamia Waltham, kando ya mto Charles, mwaka 1854. Walitaka saa itengenezwe kwa mashine, vipuri vyake viweze kubadilishana, kama bunduki za kiwanda cha serikali cha Springfield. Mtaji uliisha kabla wazo halijakomaa. Kampuni ikafilisika 1857, Royal Robbins akainunua mnadani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ndivyo vilivyoinyanyua: askari walinunua kwa wingi saa ya bei nafuu iliyoandikwa Wm. Ellery, na Rais Lincoln mwenyewe alikuwa nayo. Kwenye maonyesho ya Philadelphia ya 1876, Waswisi walimtuma Jacques David wa Longines, kampuni ya saa ya Uswisi, akachunguze viwanda vya saa vya Marekani. Ripoti yake iliwaonya kwamba wasipobadilika watapoteza soko. Wakabadilika, na kwa maoni yangu hapo ndipo kushuka kwa Waltham kulipoanzia, ingawa ilidumu hadi 1957. Saa zenye jina hilo za baada ya hapo si za kiwanda kile.

Sasa ufundi. Ukiona maneno "Pat. Pinion" kwenye mashine, ni pinioni (gia ndogo) ya gurudumu la kati iliyobuniwa na Fogg, iliyofungwa kwa hesi. Springi kuu ikikatika, mrejeo wake huifungua pinioni badala ya kuvunja meno. Fundi asiyeijua huweka springi mpya akasahau kuikaza, kisha saa inasumbua naye anaanza kulaumu balansi, gurudumu linaloongoza mwendo wa saa. Mwambie mapema.

Usivute kitufe cha kujazia kwa nguvu kikikataa kusogeza mishale. Saa nyingi zilizotengenezwa kwa wafanyakazi wa reli, kama modeli ya Waltham iitwayo Vanguard, hurekebishwa kwa kijiti: fungua kioo cha mbele, vuta kijiti kidogo kilicho pembeni mwa uso, zungusha kitufe, kisha kirudishe. Kampuni za reli zilidai hivyo ili saa isibadilike kwa bahati mbaya mtu anapoijaza. Kama si ya kijiti, huenda mrija mdogo wa chuma (sleeve) ulio ndani ya shingo ya kasha haujakaa sawa na mashine. Huo hurekebishwa kwa kuuzungusha kidogo kidogo, na mashine yenyewe haiguswi.

Ukiipata mashine, weka picha ya namba na maandishi yote yaliyo juu yake.