Swichi ya dimu kwenye MGB iliyobadilishwa: anza na waya

Kabla hujanunua swichi ya dimu (ile inayohamisha taa kubwa kati ya mwanga wa chini, yaani dimu, na mwanga wa juu, yaani fulu) kwa ajili ya gari la michezo la Kiingereza la miaka ya sitini kama MGB, fungua boneti ufuatilie njia ya umeme unaokwenda kwenye taa kubwa. Wengi tunaoyapenda magari haya tunakimbilia kulinganisha bei na ampea zilizoandikwa kwenye boksi. La kuamua kwanza ni hili: swichi hiyo itabeba mzigo wote wa taa, au itatoa amri tu? Ukishalijibu, kuchagua swichi yenyewe kunakuwa rahisi.

Mimi naendesha MGB ya 1965 huku Birmingham ninakoishi. Lilipofika mikononi mwangu lilikuwa limeshawekwa injini ya Rover V8, giaboksi ya gia tano, usukani mdogo kuliko wa kiwandani, na taa za halojeni. Waya za taa zilikuwa bado zilezile za kiwandani. Majira ya baridi hapa giza linaanza kuingia saa kumi jioni, na barabara za vijijini hazina taa, kwa hiyo suala la dimu na fulu ni suala la usalama kila siku.

Kwenye MGB za mwanzo swichi ya dimu iko sakafuni, kushoto kwa klachi. Unaikanyaga kwa mguu wa kushoto, inalia "ta", taa zinahama. Unaikanyaga tena, zinarudi. Ndani yake waya wa bluu unaleta umeme, bluu-nyeupe unaupeleka fulu, bluu-nyekundu unaupeleka dimu. Rangi hizi za Lucas, watengenezaji wa vifaa vya umeme vya magari, utazikuta pia kwenye magari mengine ya Kiingereza kama MGA, Triumph na Austin-Healey, na ukizijua huhitaji mchoro ili kujua uko wapi. Jambo la kutisha ni kwamba taa kubwa kwenye MGB hizi hazikuwekewa fyuzi.

Sasa piga hesabu. Balbu ya halojeni ya kawaida ya taa kubwa, aina ya H4, ni wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Fulu mbili ni wati 120, yaani ampea 10 kwa volti 12. Ampea zote hizo zinapita kwenye swichi ya dashibodi, zinashuka mpaka sakafuni chini ya mguu wako, zinarudi mbele kupitia viungio vilivyozeeka. Kila kiungo kinakula volti kidogo. Na mwanga haupungui sawa na volti: ukipoteza sehemu moja ya kumi ya volti, mwanga unapungua kwa karibu theluthi. Nilipoifungua ile swichi ya sakafuni, vibati vya shaba vilikuwa vyeusi tii, na kibao kinachovishika kilikuwa kimeungua ukingoni. Ni kazi ya miaka mingi ya mzigo mkubwa, maji ya mvua na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni relei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Relei ya kawaida inahitaji chini ya robo ampea kuiamsha, na karibu swichi yoyote iliyotengenezwa vizuri itaubeba mzigo huo bila shida. Mimi nimeweka mbili. Ya kwanza inaamshwa na waya wa bluu kabla haujafika kwenye swichi ya dimu, na umeme wake mkubwa unatoka kwenye stata kwa waya mpya wenye fyuzi yake. Ya pili ni ya kubadilisha njia: inapokea umeme wa ya kwanza, na ikiwa imelala inaupeleka dimu kupitia pini yake yenye namba 87a, ikiamshwa na bluu-nyeupe inaupeleka fulu kupitia pini ya 87. Faida yake ni hii: swichi ya dimu ikifa njiani, au waya wake ukikatika, unabaki na dimu. Hubaki gizani kwenye kona. Kama kuna kitu kimoja tu utakachochukua kutoka kwangu, chukua mpangilio huu. Baada ya relei ya pili weka fyuzi kwa kila waya wa kila taa, ili ikiungua moja upoteze upande mmoja tu.

Angalia pia gari lako limeunganishwaje kwenye betri. MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967 zilikuwa na chanya kwenye bodi. Relei ya koili haijali, lakini yenye dayodi au ya kielektroniki inajali sana.

Tukishafika hapo, swichi inachaguliwa kwa mkono na mguu. Ya sakafuni ni nzuri kweli: mikono yote miwili inabaki kwenye usukani. Lakini magari yaliyobadilishwa mara nyingi yamewekewa sehemu ya kupumzishia mguu wa kushoto, hapohapo ilipo swichi. Kaa kwenye kiti chako na viatu unavyoendeshea, pumzisha mguu, kisha uitafute swichi bila kutazama. Ikiwa lazima uinue goti, ihamishe au achana nayo.

Mkono wa indiketa wenye dimu ndani yake ndio chaguo langu. Pima kipenyo cha nguzo ya usukani kabla ya kununua, na ukumbuke kwamba usukani wa kisasa wenye kitako kirefu (kipande kinachouunganisha na nguzo) unasogea karibu nawe na kuuacha mkono wa indiketa nyuma. Kwangu ilibidi nitafute kitako kifupi ili kidole kiufikie bila kuachia usukani. Chagua unaokaa pale ulipousukuma, na wenye kuvutwa kwa ajili ya kuwasalimu wengine kwa fulu.

Swichi ya kunyanyua kwenye dashibodi siipendekezi kabisa. Inapendeza kwa macho, lakini gari likikujia ghafla kwenye kona, mkono unaacha usukani wakati mbaya kuliko wote. Kitufe cha kubonyeza chenye relei ya kukumbuka hali, kama zile za Volkswagen za zamani, kinafaa ukikiweka karibu na vidole, ila kwa kitufe hujui taa ziko wapi mpaka utazame kitaa cha bluu cha dashibodi kinachoonyesha kuwa fulu imewaka. Basi hakikisha kitaa hicho kinawaka na hakimezwi na mwanga wa mita nyingine.

Ukimaliza, washa injini, washa fulu, upime volti kwenye betri, halafu kwenye soketi ya taa. Tofauti ikizidi nusu volti, bado kuna kiungo kinachokula umeme, na mara nyingi ni waya wa arthi nyuma ya taa. Ukwangue mpaka chuma king'ae, upake grisi, upime tena.