Usiifomati hiyo diski
Mkuu, unasema Windows inakataa kufungua diski yako mpaka uifomati, na picha na nyaraka zako zimo humo. Ukibonyeza fomati umejiongezea kazi. Windows ikidai hivyo, mara nyingi kilichoharibika ni jedwali la patisheni (orodha ya jinsi diski ilivyogawanywa) au mfumo wa faili (utaratibu unaoonyesha kila faili liko wapi). Picha na nyaraka zenyewe bado zimo. Na chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, iache kwanza, kwa sababu ikirekebisha inaandika kwenye diski hiyohiyo unayotaka kuiokoa.

Anza kwa kunakili diski nzima, sekta kwa sekta (kipande kidogo kimoja baada ya kingine), kwa programu ya ddrescue ya Linux (unaweza kuwasha kompyuta kwa flashi). Hiyo husoma sehemu zisizo na shida kwanza, zile mbovu inazirudia baadaye, na ukiipa faili la kumbukumbu la kuandika ilipofikia, hata umeme ukikatika itaendelea ilipoishia. Hakikisha diski ya kupokea ina nafasi ya kutosha. Kisha fanya kazi kwenye nakala tu: TestDisk hurudisha patisheni, ikishindikana, PhotoRec huchomoa faili mojamoja, ila majina na mafolda hupotea. Zote za bure. Mimi ni fundi, na diski zinazonishinda zaidi ni zile ambazo mwenyewe keshazifomati na kuanza kuzijaza tena.

Lakini kama inagonga tak-tak au haionekani hata kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka), chomoa sasa hivi. Huenda ni kichwa cha kusomea, na kila ukiiwasha kinazidi kukwaruza sahani zinazohifadhi data ndani ya diski. Hiyo ni ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi. Usikubali ifunguliwe juu ya meza ya duka.