Masuala ya madeni: anza na chungu, sio na mdai

Assalaam alaykum jamani. Mara hii nimeyakusanya masuala ya madeni peke yake maana yamenijaa kwenye simu, yengine ya tokea kabla ya Ramadhani, mnisamehe. Mie si mwanasheria, nilikuwa mweka hazina wa SACCOS, chama cha kuweka na kukopa, miaka tisa hapa mjini Unguja, kwaiyo watu wa "nisubirini mwisho wa mwezi" nimewapokea wengi na mwenyewe nishawahi kuwa mmoja wao. Majina yenu nimeyaacha.

"Mie mwalimu, nakaa Fuoni. Bank wananikata juu kwa juu, mkononi naondoka na 620,000. Nnadaiwa SACCOS 600,000, dada angu 400,000, duka la fanicha 320,000 na duka la mtaani 180,000. Kila mwezi namlipa anaepiga kelele zaidi, na deni halishuki. Nianze na nani?"

Ukimlipa anaepiga kelele ushamfunza kupiga kelele, na dada ako kwa vile kanyamaza ndo atakaa mpaka mwisho. Usianze na mtu yoyote kati ya hao wanne, anza na chungu. Kaa chini na mwenzio, andikeni mnachokula na mnachotumia kweli, sio mnachotamani kutumia. Tuseme kodi 100,000, chakula 250,000, gari ya kwenda na kurudi kazini 50,000, umeme na maji 30,000, skuli na chuoni kwa watoto 20,000. Hapo ishafika 450,000. Imebaki 170,000. Toa 20,000 weka pembeni ya mtoto kuumwa usiku, maana usipoiweka utaikopa, na hapo plani nzima imeanguka. Sasa una 150,000 ya madeni na hiyo ndo pesa yako, hata aje nani kukaa barazani kwako hakuna nyengine.

Madeni yote ukiyajumlisha ni 1,500,000. Una 150,000, yaani sehemu moja ya kumi, kwaiyo kila mmoja anapata sehemu moja ya kumi ya chake: SACCOS 60,000, dada 40,000, fanicha 32,000, duka 18,000. Mwenye deni kubwa anapata kubwa, mwenye dogo anapata dogo, hapana wa kusema kaonewa. Miezi kumi umetoka. Lakini hiyo miezi kumi ni ikiwa deni halikui, na SACCOS lazma wana riba yao na pengine faini ya kuchelewa, ndo maana unatakiwa uende kwao kabla ya tarehe, na karatasi mkononi, uwambie hesabu yangu hii hapa naweza 60,000 kila mwezi bila kukosa, nisimamishieni faini. Nakwambia kutoka upande wa pili wa meza: tulipokuwa tunakaa kwenye kamati, aliekuja mwenyewe na hesabu yake tulikuwa tunamsikiliza, aliezima simu tulikuwa tunamtafuta mdhamini wake. Ni watu wale wale na deni lile lile.

Mimi lakini kwenye hesabu yako ningebadilisha kitu kimoja. Duka la mtaani ningelimaliza mwanzo. Zungumza na dada ako akusubiri miezi minne, zile 40,000 zake ziende dukani juu ya zile 18,000, mwezi wa nne duka lishakwisha (hata na chenji utabakisha), halafu dada anaanza kulipwa kwa kasi. Sio kwa ajili ya riba, mwenye duka hatozi riba, ni kwa ajili ya daftari. Daftari likiwa wazi kila jioni mtoto anatumwa sukari robo na maziwa ya pakti, na wewe huku unalipa 18,000 huku unaandikiwa 30,000. Sharti daftari lifungwe siku unayoanza plani, mwambie mwenyewe muuzaji asimuandikie mtoto wako hata kibiriti.

Na hayo makubaliano yaandikeni. Watu wetu wanaona haya kuandikiana na ndugu, lakini aya ndefu kuliko zote kwenye Qur-an, Baqara 282, inazungumzia kuandika deni, na mbili kabla yake, 280, inamtaka mdai ampe nafasi mwenye dhiki. Zote mbili zisomwe, sio kila mtu aibebe ile inayomfaa.

"Niko Wete. Mume wangu anategemea karafuu, mie nauza maandazi. Hiyo habari ya kulipa kila mwezi kwetu haiwezekani, tufanyeje?"

Kweli dada angu, hizi plani za kila mwezi wamezitunga watu wa mshahara. Nyie gaweni deni mafungu mawili. Fungu la maandazi ni dogo, hata 5,000 kwa wiki, hilo kazi yake ni kumuonesha mdai kuwa hamjakimbia. Fungu la karafuu ndo la kushusha deni. Na kwenye karafuu msiahidi kiasi cha pesa, ahidini sehemu, kwa mfano katika kila kilo kumi mtakazopeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, pesa ya kilo tatu ni ya madeni, kwa sababu mkarafuu unajulikana, mwaka huu unazaa mpaka matawi yanainama mwaka wa pili unakuonesha majani tu. Ukiahidi milioni na msimu ukawa mbaya ushakuwa muongo bila ya kusema uongo. Hesabu hiyo muitoe baada ya kuwalipa wachumaji, wao wanadai jasho, hawangoji.

Kitu ambacho nakuomba msikifanye ni kuuza karafuu zingali mtini ili mlipe deni la sasa. Anaekupa pesa leo kwa karafuu ya miezi mitano mbele hakupi bei ya kituoni, anakupa bei ya shida yako. Ile tofauti ya bei ni kama riba, na ukiipigia hesabu mara nyingi ni kali kuliko mkopo wa bank.

"Nilikopa laki moja kwenye app ya simu, sasa wananidai laki na themanini na wameshawatumia msg watu wote kwenye simu yangu mpaka mkwe wangu kuwa mie tapeli. Niko Mwanakwerekwe. Nikope app nyengine niwalipe niepuke aibu?"

Usikope. Aibu ishatoka, huwezi kuinunua tena kwa mkopo wa pili, utakuwa na app mbili zinazompigia mkwe.

Kwanza angalia hiyo app kama ina leseni ya Benki Kuu (BOT). Mwezi wa 11 mwaka 2024 BOT walitoa orodha ya app na majukwaa 69 ya mikopo yasiyokuwa na leseni, tafuta kama yako imo, na hata kama haimo haina maana kuwa ndo halali, ulizia. Pili piga picha kila msg, kila namba iliyopiga, na ile risiti ya pesa walizokutumia, usifute kitu kwa hasira. App kama bado iko kwenye simu izuilie kusoma namba zako za simu kabla hujaifuta. Halafu waandikie kwa maandishi: nilipokea kiasi kadhaa, nitalipa kiasi kadhaa kila wiki, naomba mchanganuo wa hizo 80,000. Wakikataa au wakiendelea kutukana peleka malalamiko BOT, tawi wanalo hapa hapa Unguja, lakini kwa yule mwenye leseni huwa lazma uanze kulalamika kwake yeye kwanza ndo upande juu. Na pesa walizokupa ulizokula zirudishe, hilo usijidanganye, hata mkopeshaji awe mbaya vipi laki ya watu ni laki ya watu. Ila usilipe kwenye namba ya mtu binafsi aliekupigia tu akasema yeye ni wa kampuni.

Na wewe mwenyewe mpigie mkwe. Maneno mawili tu, "nilikopa, nimechelewa, nalipa".

"Nnaishi Uingereza, Milton Keynes, natokea Mkoani Pemba. Nna kadi za mkopo tatu na nimeambiwa niingie DMP. Ndo kufilisika huko? Na kiwanja changu cha Pemba watakichukua?"

Hapana, si kufilisika. DMP ni mpango wa kulipa madeni, ni kama ile hesabu ya mwalimu wa Fuoni lakini katikati anakaa mtu wa kukufanyia. Wewe unalipa pesa moja kwa mwezi, wao wanawagawia wanaokudai kila mmoja kwa kadiri ya deni lake. Ni makubaliano tu, si amri ya mahakama, kwaiyo wenye kadi wengi hukubali kusimamisha riba lakini hawalazimiki, na mmoja akitaka kukupeleka mahakamani bado anaweza. Kwa mpango huu wenyewe hapana anaekuja kuchukua kiwanja. Lakini ukiulizwa mali unazo, kitaje, usije ukakificha kwa sababu kiko mbali, maana ikitokea siku ukaingia kwenye kufilisika kwenyewe mali ya nje ya nchi nayo inahesabiwa, na aliyeficha ndo anapata taabu.

Mambo matatu yakae kichwani. DMP ni ya madeni kama kadi na mikopo isiyokuwa na dhamana. Kodi ya nyumba, council tax (kodi ya halmashauri ya huko), umeme na gesi hizo zilipe kwanza kwa sababu ndo zenye kukutoa nyumbani au kukuletea wenye amri ya mahakama. Usimlipe mtu kwa kupangiwa, mashirika ya bure yapo, StepChange ni mmoja wao, ukikuta kampuni inataka ada kila mwezi jua hiyo ada inatoka kwenye pesa ambayo ingelipunguza deni. La tatu, jina lako kwenye kumbukumbu za mikopo litachafuka, na deni likishaandikwa kuwa limeshindwa kulipwa linakaa miaka sita. Ukiwa umebanwa sana na simu za wadai, England na Wales tokea 2021 kuna utaratibu unaitwa Breathing Space, siku 60 za kupumua, madeni mengi yanasimamishiwa riba na wadai hawaruhusiwi kukuandama wakati wewe unapata ushauri. Muulize mshauri wako.

Hapo kwenye kuandika matumizi najua utafika pahala utakwama, pesa ya mama. Iseme mapema kwa mshauri na upunguze kiasi, na mama umpigie umueleze mwenyewe. Tunawaona nyinyi mlioko huko mnaendelea kutuma kama kawaida kwa kadi ya mkopo ili watu wasiseme, halafu huku nyumbani tunajenga ukuta kwa riba ya Uingereza.

"Nacheza upatu wa 50,000 kwa wiki. Na nalipa madeni. Niache upatu?"

Inategemea zamu yako ishapita au bado. Kama ushapokea, huo upatu sasa ni deni kama madeni mengine, uingize kwenye orodha na umalize mzunguko, ukikimbia wenzio umewaibia tena watu wa mtaa mmoja. Kama bado hujapokea, mzungumze na kijumbe, yule anaeshika upatu, akusogeze zamu upokee mapema, pesa ikitoka nzima nzima iende kwa mdai mmoja imalize, isipite sokoni Darajani. Mzunguko ukisha usiingie mwengine mpaka deni lishe.

"Niuze dhahabu za mke wangu nilipe deni la bank? Yeye hajui kama nnadaiwa."

Dhahabu ni zake, mahari yake na zawadi zake, huna cha kuuza hapo. Mwambie deni kwanza. Akitaka kukusaidia kwa ridhaa yake ni ihsani yake, na muandikiane kama mkopo ikiwa ni mkopo.

"Nilimdhamini rafiki yangu mkopo, kaenda Oman hapokei simu, SACCOS wamenifata mie. Haki iko wapi?"

Haki iko kwenye ile karatasi uliyosaini bila ya kuisoma, ndugu yangu. Mdhamini analipa. Ila usikubali kulipa lile deni lake zima kwa pumzi moja, nenda ofisini kwao uombe taarifa ya deni lilivyo leo, akiba na hisa za yule rafiki zilizoko pale zikatwe mwanzo, uliza wadhamini wengine ni nani mugawane, kilichobaki kipigiwe hesabu ya chungu kama ya mwalimu. Kila unacholipa dai risiti iandikwe kuwa umelipa kwa niaba yake, na familia yake hapa wajue, mbele ya sheha ikibidi, maana Oman watu huwa wanarudi kuoa.