Marafiki Wamenikimbia Tangu Biashara Ikue

SWALI: Shangazi, nina duka la vitenge Kariakoo. Tangu niajiri wasaidizi, marafiki wa zamani wananiona nimetajirika, na jioni sina wa kuzungumza naye. Nifanyeje?

JIBU: Mwanangu, kinachokulemea hasa ni kubeba peke yako habari za mtaji, madeni na kodi, mambo ambayo wasaidizi hawapaswi kuyasikia na ambayo ndugu (tunawajua!) huyageuza kuwa maombi ya mkopo. Jiunge na kikundi cha VICOBA (cha kuweka akiba kwa kununua hisa na kukopeshana) cha wanawake wafanyabiashara, kilichosajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kwani katika mikutano ya kununua hisa utawapata wanaoelewa adha ya mzigo kuchelewa bandarini. Marafiki wa zamani waalike nyumbani, si dukani.