Sungura anayenyonyesha, titi limevimba na lina joto

Pole sana. Ulivyoeleza, titi moja gumu, lina joto, limeanza kuwa jekundu na mama hataki kula, huo ni uambukizo wa matiti. Usisubiri kesho. Likishageuka rangi ya bluu, sungura anaweza kufa haraka.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii. Atahitaji antibiotiki na dawa ya kutuliza maumivu. Nakusihi sana: usimpe amoksilini wala dawa yoyote ya jamii ya penisilini kwa mdomo, hata kama umebakiwa na vidonge nyumbani. Huua bakteria wazuri wa tumboni, akaharisha na kufa kwa dawa badala ya ugonjwa. Penisilini ya sindano ni habari nyingine, ila aamue daktari.

Wakati unajiandaa, mkande kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji ya uvuguvugu, taratibu. Usiminye wala kutumbua jipu. Nyasi kavu na maji viwe mbele yake muda wote; pumba punguza.

Vitoto usivihamishie kwa mama mwingine, maana vitamwambukiza naye. Mwulize daktari kama viendelee kunyonya au uvilishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vipapase matumbo: kilichoshiba tumbo lake ni la duara na limejaa, chenye njaa ngozi imekunjamana.

Sanduku la kuzalia nalo lioshe, likauke, uweke matandiko mapya. Kagua kingo zake pia, kwani mbao yenye ncha hukwaruza chuchu na kufungulia vijidudu njia.