Babu alikuwa mhandisi, na hiyo si sentensi moja

Swali lenu la wiki hii linasema: "Mzee wenu akishafariki, ni jambo gani lake ambalo familia husahau kulisimulia?" Jibu langu ni kazi yake.

Babu yangu alikuwa mhandisi wa ujenzi, wa madaraja hasa, mpaka alipostaafu. Tulipokaa kuandaa wasifu wake, kila mtu alikuwa na la kusema juu ya upole wake, subira yake, na mapenzi yake kwa Bibi na kwetu wajukuu. Yote yalikuwa kweli tupu na nisingekubali hata moja litolewe. Ila kazi aliyoifanya tangu ujana wake mpaka nywele zikawa nyeupe ilipewa mstari mmoja: "Marehemu alikuwa mhandisi, akastaafu kwa heshima." Mstari ule uliniuma. Ungeweza kusomwa kwa mhandisi yeyote duniani.

Nadhani najua kwa nini ilikuwa hivyo. Daktari ana wagonjwa watakaosimama kumshukuru, mwalimu ana wanafunzi wake. Mhandisi wa madaraja akifanya kazi vizuri, hakuna kinachotokea. Watu wanavuka, wanafika waendako, wala hawaulizi ni nani alipiga hesabu za zile nguzo. Ndiyo maana naona ni wajibu wetu sisi tuliomsikia tusimulie.

Kitu alichokipenda kukizungumzia kuliko vyote ni zege. "Zege halikauki, linakomaa," ndivyo alivyosema, na alimsahihisha kila aliyesema vinginevyo, awe mtoto au mgeni. Saruji ikikutana na maji hubadilika na kuwa ngumu, kwa hiyo zege changa hunyweshwa maji siku kadhaa ili kazi hiyo isikatike. Lakini maji ya kuchanganyia yakizidi, yale ya ziada hatimaye huondoka na kuacha matundu madogo madogo ndani, na nguvu hupungua. Mafundi waliochoka hupenda kuongeza maji kwa sababu zege jepesi humwagika bila shida. Hapo ndipo Babu alipokuwa mkali.

Alitufundisha jinsi linavyopimwa pale pale kazini. Kuna chombo cha bati, chembamba juu na kipana chini, wazi pande zote mbili, kimo chake milimita 300. Unakijaza kwa tabaka tatu, kila tabaka unalishindilia mara 25 kwa fimbo ya chuma, unasawazisha juu, kisha unakivuta taratibu kwenda juu. Zege linabaki limesimama peke yake, halafu linashuka kidogo. Unapima limeshuka kiasi gani. Likiporomoka na kutapakaa, mzigo huo haumwagwi kwenye nguzo, hata kama gari limetoka mbali na watu wote wanakutazama. Zege lile lile hujazwa pia kwenye vibweta vya milimita 150 kila upande, likishashika linatunzwa ndani ya maji, kisha vipande vyake vinavunjwa kwa mashine siku ya 7 na siku ya 28 kuona vinahimili mzigo gani. Bibi ndiye aliyetuambia kwamba kalenda ya ukutani ilikuwa imejaa duara za penseli, kila duara ni siku ya 28 ya nguzo fulani, na kwamba siku hiyo Babu hakumaliza chakula mpaka apate majibu.

Alianza kazi kabla ya kikokotoo cha mkononi. Walitumia rula ya kukokotolea, ile yenye kipande cha katikati kinachoteleza. Rula ile inakupa tarakimu za jibu, kama tatu hivi, lakini haikuambii nukta inakaa wapi. Hilo unalijua wewe mwenyewe, yaani lazima uwe umeshakadiria jibu kichwani. Tulipomwendea na hesabu za shule, swali lake la kwanza lilikuwa hilo hilo: "Kabla hujaanza, mjukuu wangu, unadhani jibu litakaribia ngapi?" Hakukasirika ukikosea kukadiria. Alikasirika ukikataa kukadiria.

Na alitusimulia ajali, si kwa kututisha. Daraja la Quebec kule Kanada lilianguka likiwa bado linajengwa, tarehe 29 Agosti 1907, wakafa wafanyakazi 75. Umbali kati ya nguzo mbili kuu za katikati ulikuwa umeongezwa kutoka futi 1,600 hadi 1,800, lakini uzito wa daraja lenyewe haukukokotolewa upya ipasavyo. Siku za mwisho watu pale kazini waliona vyuma vya chini vinapinda. Mhandisi kijana alisafiri hadi New York kumweleza mshauri mkuu, naye akatuma telegramu mzigo usiongezwe, lakini neno halikuwafikia waliokuwa juu ya daraja kwa wakati. Babu alipofika hapo alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hesabu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumsikiliza mtu aliyeko chini anayesema chuma kimepinda.

Tulipokuwa naye garini tukivuka daraja, alitaka tusikilize ile sauti ya matairi yanapopita kwenye mwanya wa kiungo. Chuma hutanuka kwa joto: mita 100 zikipata joto zaidi kwa nyuzi 30 za Selsiasi, zinaongezeka kama milimita 36. Usipouacha mwanya, daraja litasukuma nguzo zake lenyewe. Hadi leo siwezi kuvuka daraja bila kusikiliza.

Kustaafu hakukumbadilisha sana. Watu walimwita waangalie naye nyufa za nyumba zao, naye alikwenda na penseli tu. Alichora kistari kidogo pale ufa ulipoishia, akaandika tarehe pembeni, akaondoka. Wengine waliona amewadharau, walitaka aseme neno siku ile ile. Yeye alirudi baada ya muda kuona kama ufa umevuka kistari. Ufa uliotulia si wa kukimbiliwa. Unaotembea ndio wa kuuliza unatoka wapi, na mara nyingi alianza kwa kutazama maji ya mvua yanakoelekea na udongo ulio chini ya msingi.

Sasa niseme kwa nini nasisitiza haya wakati mjadala ni wa kumkumbuka mtu tuliyempenda. Mama yangu alipopatwa na msiba mkubwa, Babu hakumhutubia wala kumpa mawaidha. Alimpigia simu kila jioni, saa ile ile, akauliza swali moja: "Mwanangu, leo ni afadhali kuliko jana, au ni vibaya zaidi?" Akisikia afadhali, walizungumza mengine. Akisikia vibaya zaidi, kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni. Sisi tuliuita upole, na ulikuwa upole. Lakini ni mtu yule yule wa penseli na kistari. Ukiifuta kazi yake kwenye wasifu, hata huo upole unabaki hauna umbo, unafanana na wa kila marehemu.

Wasifu tuliuandika upya. Wanaotaka kufanya hivyo kwa mzee wao, nawashauri wasitegemee familia pekee, maana mengi ya kazini hayakuletwa nyumbani. Tafuteni waliofanya naye kazi, na si wakubwa wenzake tu. Msitupe madaftari, hata yale yaliyojaa tarakimu msizozielewa. Na mzee akiwa bado hai, msimwulize "kazi ilikuwaje?", atasema ilikuwa nzuri. Mwulizeni siku gani alikataa jambo, na nani alikasirika.

Hilo la mwisho nililipata kwa fundi mmoja mzee aliyekuja kutupa pole. Alisema wakati yeye ni kijana, Babu alikataa zege lake mbele ya kikosi kizima, akaamuru limwagwe pembeni. Kijana akaona aibu, usiku ule akafungasha vitu vyake. Kulipokucha Babu alimfuata, akaketi naye juu ya mifuko ya saruji, akamwonyesha kwenye karatasi maji yaliyozidi yameondoa nguvu kiasi gani, kisha akamwuliza kama anaweza kusimamia upimaji wa zege kuanzia siku ile. Fundi yule aliisimamia kazi hiyo mpaka daraja likaisha. Tulimwomba ayasome hayo mwenyewe mbele ya watu, akakubali.